Datsun ya 1973 na Yaris ya leo: Somo la magari ya mashindano kwa mfanyabiashara wa Kigoma

Kwa mfanyabiashara wa Kigoma na Ujiji aliyekusanya mtaji wake kwa dagaa, mawese au maharage, kununua gari ni uamuzi mkubwa kuliko yote atakayoufanya katika miaka mitano au kumi. Akikosea, mtaji wote unalala gereji. Ndiyo maana mabishano hayaishi, kuanzia mwalo wa Kibirizi hadi stendi ya Kasulu. Wako wanaosema gari ni la zamani, lenye chuma kizito na injini ambayo fundi yeyote anaijua. Wengine wanajibu kwamba gari la zamani ni shimo la mafuta, na mwenye akili hununua la kisasa.

Mabishano hayo hayakuanzia Kigoma. Mahali ambapo gari la kale na la kisasa limepimwa kwa ukali kuliko kwingine kote Afrika Mashariki ni kwenye mashindano ya Safari Rally. Makala haya yanatumia magari hayo kutafuta jibu la kiuchumi. Msomaji asishangae kuona mambo ya mashindano katika kurasa za kilimo na biashara, kwani hesabu ya mwenye gari la mashindano na ya mwenye pikapu ya dagaa zinafanana kuliko tunavyodhani.

Gari la jana

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka hiyo yalifanyika wakati wa Pasaka, majira ya masika. Madereva walikimbia maelfu ya kilometa kwa siku chache, katika barabara zile zile zilizotumiwa na malori na mabasi. Tope na mito iliyofurika ndivyo vilivyokuwa waamuzi wakuu. Mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyomaliza, na mwaka 1968 ikawa vivyo hivyo, 7 tu.

Lililo muhimu kwetu ni aina ya magari yaliyoshinda. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, mkononi si mpya. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda kwa Peugeot 404. Mwaka 1975 na 1978 ikawa zamu ya Peugeot 504. Hayo hayakuwa magari ya maonyesho. 404 na 504 zilikuwa teksi, gari la mwalimu mkuu na pikapu ya mfanyabiashara.

Hata gari lililokuwa la michezo hasa, Datsun 240Z, lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, na bado lilikuwa mashine rahisi kueleweka. Lilikuwa na injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 2.4, kabureta mbili, na nguvu za farasi zipatazo 150 lilipotoka kiwandani. Moto uliletwa na magurudumu ya nyuma. Kompyuta haikuwamo. Ukisikia injini inakohoa, unakagua mafuta, hewa na moto wa plagi, na katika hayo matatu mara nyingi utaukuta ugonjwa.

Gari la leo

Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia. Ilirudi mwaka 2021, na kituo chake kikuu kikawa Naivasha. Tangu iliporudi hadi mwaka 2025, Toyota ilishinda kila mwaka, ikitumia gari lenye umbo la Yaris. Mwaka 2022 na 2023 Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza zote.

Umbo ni la Yaris, lakini gari lenyewe si lile unaloliona mjini. Kuanzia mwaka 2022 hadi 2024 magari ya daraja hilo yalikuwa na injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme, na kwa pamoja nguvu zake zilizidi farasi 500. Lile ambalo mtu wa kawaida mwenye fedha anaweza kulinunua ni GR Yaris, lililoanza kuuzwa mwaka 2020. Injini yake ina silinda 3 tu na ujazo wa lita 1.6, lakini inatoa nguvu zaidi ya farasi 250, na magurudumu yote manne yanasukuma.

Hebu tulinganishe. Injini ya GR Yaris ni ndogo kuliko ile ya Datsun 240Z kwa theluthi moja, na bado ina nguvu zaidi kwa theluthi mbili au zaidi. Breki zake zinazuia gurudumu lisikamatike ghafla, na mifuko ya hewa inafumuka kulinda watu gari likigonga. Anayedai kwamba magari ya zamani yalikuwa bora kwa kila kitu hajaitazama hesabu hii. Kwa nguvu, kwa mafuta yanayotumika kupata nguvu hiyo, na kwa usalama wa aliyemo ndani, gari la kisasa limeshinda.

Lakini kuna upande wa pili. Ufanisi huo unatokana na sensa na nyaya nyingi, injekta zinazotaka mafuta safi, na kontrol boksi inayoamua kila kitu. Sensa moja ndogo ikifa, injini nzima inaweza kupoteza nguvu au kugoma kuwaka, na fundi hodari asiye na mashine ya kupimia atabaki anabahatisha, akibadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa fedha yako.

Siri iko karakana

Kwa nini basi gari hilo lenye mambo mengi linashinda katika vumbi la Naivasha? Jibu ni kwamba haliendi peke yake. Nyuma yake kuna karakana nzima, yenye mafundi waliosomea gari hilo hilo, kompyuta za kusoma ugonjwa wake, na vipuri vilivyopangwa tayari. Gari linarudi karakana kila baada ya hatua kadhaa, linafunguliwa na kurekebishwa kwa muda uliopangwa, kisha linaondoka. Tena kilometa zinazoshindaniwa siku hizi hazifiki 400, wakati zamani dereva alipambana kwa maelfu ya kilometa.

Waandaaji wa magari hayo pia hawakudharau mazingira. Magari ya kisasa ya Safari yamefungwa bomba la kuvutia hewa kutoka juu, ili injini isimeze vumbi na maji. Sisi tunalijua bomba hilo. Ni lile lililozipa Land Cruiser zetu jina la mkonga.

Hapa ndipo penye somo. Gari la kale lilishinda kwa sababu liliweza kutengenezwa popote lilipoharibikia. Gari la kisasa linashinda kwa sababu karakana yake iko karibu. Anayenunua gari la kisasa na kulipeleka mahali pasipo na fundi wake wala vipuri vyake, amenunua nusu ya gari.

Tuilete hesabu Kigoma

Kipuri kisichopatikana Kigoma mjini huagizwa mara nyingi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,200 kwa njia ya reli. Mafuta nayo, kwa sababu ya umbali huo huo, bei yake elekezi hapa huwa juu kuliko Dar es Salaam. Mambo haya mawili yanavutana. Mafuta ghali yanakusukuma kununua gari la kisasa linalobana matumizi, na vipuri vya mbali vinakurudisha kwenye gari la zamani.

Tuchukue mfano wa kukadiria, na kila msomaji aweke tarakimu zake. Mfanyabiashara anakwenda na kurudi kilometa 200 kwa siku, siku 60 za kazi katika miezi mitatu. Kila safari inamwingizia Sh150,000 kabla ya mafuta. Lita moja tuiweke Sh3,000.

Gari A ni pikapu ya zamani ya kabureta. Katika lami inakwenda kilometa 8 kwa lita, hivyo inakula lita 25, sawa na Sh75,000 kwa safari. Inaharibika mara mbili kwa mwezi, lakini fundi wa mtaani anaitengeneza siku hiyo hiyo kwa Sh40,000. Katika miezi mitatu imepoteza siku 6. Safari 54 zinabakiza Sh4,050,000. Ukitoa matengenezo ya Sh240,000, mkononi inabaki Sh3,810,000.

Gari B ni la kisasa, la kompyuta. Katika lami linakwenda kilometa 12.5 kwa lita, hivyo linakula lita 16, sawa na Sh48,000. Katika miezi mitatu linaharibika mara moja tu. Ila likiharibika linalala siku 12 likisubiri kipuri, na matengenezo ni Sh600,000. Safari 48 zinabakiza Sh4,896,000. Ukitoa matengenezo, inabaki Sh4,296,000.

Kwa hiyo, katika lami, gari la kisasa linamshinda mzee wake kwa Sh486,000 kila miezi mitatu, hata baada ya kulala siku 12.

Sasa tuyahamishe magari hayo hayo kwenye barabara mbovu ya udongo. Gari A linakula lita 32, sawa na Sh96,000, na linaharibika mara tatu kwa mwezi. Safari 51 zinabakiza Sh2,754,000. Ukitoa matengenezo ya Sh360,000, inabaki Sh2,394,000. Gari B linakula lita 20, sawa na Sh60,000, lakini sasa linaharibika mara mbili katika miezi mitatu na kulala siku 24. Safari 36 zinabakiza Sh3,240,000. Ukitoa matengenezo ya Sh1,200,000, inabaki Sh2,040,000. Hapa mzee ameshinda kwa Sh354,000.

Ndiyo kusema wabishani wote wawili wana haki, kila mmoja katika barabara yake. Anayefanya kazi katika lami ya Kidahwe, Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi, iliyojengwa kipande kwa kipande kwa miaka mingi, hana tena sababu kubwa ya kung'ang'ania gari la baba yake. Gari ndogo za abiria ambazo watu wetu wanaziita michomoko zimeenea kwa sababu hiyo hiyo. Bali anayefuata mzigo katika vijiji vya kusini mwa mkoa kuelekea Buhingu na Kalya, ambako barabara na masika ni maadui, ana sababu nzuri ya kutafuta gari analoweza kulifungua kwa spana zake mwenyewe. Na wa Mwamgongo, kijiji kinachofikiwa kwa boti, atafanya hesabu hii kwa injini ya boti badala ya gari, na kanuni itabaki ile ile.

Siku 12 zikawa 4

Tusiishie hapo, maana katika mfano wetu kuna tarakimu moja inayobeba uzito kuliko zote, nayo si bei ya gari wala ya mafuta. Ni zile siku 12 za kusubiri.

Tuseme siku hizo zimepungua hadi 4. Katika barabara mbovu, gari B sasa linapoteza siku 8 badala ya 24. Safari 52 zinabakiza Sh4,680,000. Ukitoa matengenezo ya Sh1,200,000, inabaki Sh3,480,000. Gari lililokuwa limeshindwa limempita mzee kwa zaidi ya Sh1,000,000, bila kubadilishwa barabara wala injini. Kilichobadilika ni karakana.

Je, siku hizo zinapunguzwaje? Mtu mmoja peke yake hawezi, lakini kikundi kinaweza. Jambo la kwanza ni kununua magari ya aina moja. Wenye magari 10 ya aina 10 wana matatizo 10. Wenye magari 10 ya aina moja wana stoo moja ya vipuri, na fundi wao anazidi kuwa hodari kila linapoharibika moja. Timu za mashindano hazichanganyi magari, na sisi tusichanganye.

Jambo la pili ni kuweka akiba ya vipuri vinavyokufa mara kwa mara, kama vile shokapu, bushi, pampu ya mafuta, koili za plagi, chujio, na zile sensa ambazo fundi wenu anazijua kwa majina. Fedha iliyolala stoo ina gharama, ni kweli, ila mfano wetu umeonyesha kwamba siku moja ya gari kulala inagharimu Sh90,000 hadi Sh102,000.

Jambo la tatu ni mashine ya kupimia na mtu wa kuitumia. Ushirika wa akiba na mikopo ambao tayari unawakopesha wanachama wake fedha za magari una kila sababu ya kuchangia kifaa hicho, na kumlipia kijana mmoja mafunzo ya umeme wa magari katika chuo cha VETA. Ushirika unaokopesha gari bila kufikiria fundi wake unahatarisha marejesho yake wenyewe.

Reli nayo itasaidia siku zijazo. Mkataba wa ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, na itakapofanya kazi, umbali wa kipuri utapungua kwa saa. Lakini mkopo wa gari unadai marejesho kila mwezi, hauwezi kuingoja reli.

Mkopo haujui ziwa limefungwa

Kuna jambo ambalo madereva wa Safari hawana, ila sisi tunalo. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Faida ya mpango wa namna hiyo kwa ziwa ni suala linalostahili makala yake. Kwa mwenye gari, maana yake ni kwamba kuna robo nzima ya mwaka ambayo dagaa na migebuka haviwezi kulipa mkopo.

Gari la zamani lililonunuliwa kwa fedha taslimu likisimama miezi mitatu linakula kutu tu. Gari la kisasa lililonunuliwa kwa mkopo linakula riba. Hivyo kabla ya kusaini, mnunuzi ajiulize ni mzigo gani mwingine gari hilo litabeba: maharage na mahindi ya Kasulu, Buhigwe na Kibondo, mawese, au chumvi ya Uvinza. Kama jibu halipo, mkopo huo ni mkubwa kuliko biashara yake, hata gari liwe zuri namna gani.

Upande wa mzigo wenyewe nao una neno. Dagaa wakavu wakikwama njiani siku mbili chini ya turubai zuri, hasara inavumilika. Migebuka wabichi katika barafu hawakusubiri. Anayebeba samaki wabichi ananunua uhakika wa kufika, na uhakika una bei yake.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi akumbuke pia kodi. Bei ya gari katika tangazo la Japani ni mwanzo tu. Kuna usafiri wa meli, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT. Gari dogo lililozeeka linaongezewa ushuru wa uchakavu, na umri ukizidi ushuru nao unapanda. Kwa hiyo gari "rahisi" la miaka mingi huweza kufika hapa likiwa si rahisi tena, na bado lina kompyuta ile ile iliyozeeka pamoja nalo. Hilo ndilo gari baya kuliko yote mawili, maana lina uchakavu wa la kale na ugumu wa la kisasa. Wengi wetu ndilo tunaloletewa.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza mbele ya gari lolote lisiwe mwaka wake wala mwendo wake. Muulize fundi wako, yule yule atakayelitengeneza, kama amewahi kulifungua la aina hiyo. Muulize muuza vipuri wa Kigoma mjini ni vipuri gani vya gari hilo anavyo dukani leo, si vile atakavyoagiza. Hesabu magari ya aina hiyo yanayopita katika barabara utakayoitumia. Yakiwa mengi, kuna sababu. Yakiwa hayapo, kuna sababu pia.

Shekhar Mehta alishinda mwaka 1973 kwa gari la kabureta, na Elfyn Evans akashinda mwaka 2025 kwa gari lililojaa sensa. Kilichowaunganisha ni kwamba kila mmoja alikuwa na watu walioweza kulirudisha gari lake barabarani kabla muda haujaisha. Mfanyabiashara wa Kigoma akiwa na watu hao, anunue la kisasa bila woga. Kama bado hana, aanze na fundi, gari lifuate.